Askari na Shahada ya Pili: Ada Itatoka Wapi?

Yapo majengo mawili nchini Rwanda ambayo askari wa siku nyingi hawezi kuyapita bila kugeuza shingo. La kwanza liko hapa Kigali, katika Nyarugenge. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda wanakosomea wahandisi na wanasayansi, lakini kabla ya mwaka 1994 palikuwa chuo cha maofisa wa jeshi la wakati ule. Jirani yake ni Kambi Kigali, mahali walipouawa askari 10 wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa tarehe 7 Aprili 1994, na nguzo 10 za mawe zimesimama pale kwa ukumbusho wao. Mwaka 1997 majengo hayo ya kijeshi yalikabidhiwa chuo kipya cha sayansi na ufundi, KIST, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Silas Lwakabamba, mhandisi aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale palipokuwa na gwaride pakawekwa maabara.

La pili liko Nyakinama, karibu na Musanze, chini ya milima ya Virunga. Huko mambo yalikwenda kinyume chake. Palikuwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa, vijana wakisoma kwa amani, mpaka vita vilipoanza. Na leo hapo ndipo penye Chuo cha Uongozi na Unadhimu cha Jeshi la Rwanda, kilichofungua kozi yake ya kwanza mwaka 2012. Kalamu na bunduki zilibadilishana nyumba, na tangu hapo zimekuwa zikitembeleana.

Tumeanza na majengo kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi linahusu matembezi hayo hayo. Siku hizi si ajabu kumkuta koplo au sajini mwenye shahada ya kwanza. Wengine waliingia kazini nayo, wengine wameipata wakiwa kazini, kwa kusoma jioni na siku za mwisho wa juma, huku lindo likiwasubiri. Mtu wa namna hiyo akiisha kuivaa joho mara moja, swali la pili halikawii kumjia: je, shahada ya uzamili itawezekana? Akili anayo, cheti anacho, na ruhusa ya mkuu wake pengine ataipata. Kinachomkwamisha ni ada.

Hapana budi tuseme wazi tangu mwanzo, maana tumewasikia wengi wakijidanganya. Mkopo wa serikali ambao watu wa Rwanda huuita kwa jina la zamani la "bursari" ni wa shahada ya kwanza. Mwenye shahada ya kwanza anayetaka ya pili asipange maisha yake kwa kuutegemea.

Historia ya mkopo huo ni ndefu, lakini yafaa kuijua kwa sababu deni lake huwafuata watu hadi kambini. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwezi Novemba 1963, kwa jitihada za serikali na mapadri Wadominiko wa Kanada, kilikuwa na wanafunzi 51. Nchi changa yenye wanafunzi 51 wa chuo kikuu yaweza kuwasomesha wote bila kutoa jasho. Lakini baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994 chuo kilifunguliwa tena mwezi Aprili 1995, kikiwa kimepoteza walimu na wanafunzi wengi. Na miaka iliyofuata idadi ya wanaotaka kusoma iliongezeka kwa maelfu. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kuunda wakala wa kugharamia wanafunzi, SFAR. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa Bodi ya Elimu, REB, na kwa sheria ya mwaka 2015 usimamizi wa mikopo na ukusanyaji wa madeni ukakabidhiwa Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Wakati huo huo vyuo vya umma vilivyokuwa vimetawanyika, cha Butare, KIST, cha ualimu, cha afya, cha fedha na vinginevyo, vilikuwa vimekwisha kuunganishwa kwa sheria ya Septemba 2013 kuwa chuo kikuu kimoja, chenye makao yake makuu Kigali.

Fedha za kujikimu anazokopeshwa mwanafunzi zilikaa muda mrefu kwenye faranga 25,000 kwa mwezi. Mtu aliyewahi kununua chakula mjini Kigali atajua kwamba fedha hizo ni za kumfanya mtu asife, si za kumnenepesha. Ziliongezwa baadaye. Lakini linalomhusu askari ni upande wa kurudisha. Aliyesoma kwa mkopo akiisha kupata kazi, mwajiri humkata asilimia 8 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Tuchukue mfano tu, si mshahara wa mtu yeyote: anayepokea faranga 200,000 atakatwa 16,000 kila mwezi. Mtu huyo akitaka kukopa tena kwa ajili ya shahada ya pili, hapana budi aanze hesabu yake akiwa amekwisha kuondoa hizo 16,000. Wengi huanza hesabu na mshahara mzima, kisha mwezi wa tatu wanashangaa.

Basi kama serikali haikopeshi kwa shahada ya pili, nani analipa? Sisi tumeona kwamba ziko njia kadha wa kadha, na hazilingani hata kidogo.

NJIA YA KAZI

Njia iliyo nyoofu kuliko zote ni ile inayopita ndani ya jeshi na polisi wenyewe. Maofisa wanaoteuliwa kwenda kozi ya mwaka mmoja ya uongozi na unadhimu Nyakinama, aghalabu mameja na maluteni kanali, husoma pia masomo ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na wanaofaulu hupewa shahada ya uzamili katika taaluma ya usalama. Kwa upande wa polisi, Chuo cha Taifa cha Polisi kilichopo Musanze kina kozi ya namna hiyo hiyo kwa maofisa wa ngazi za mrakibu na kuendelea. Wao hutunukiwa na chuo kikuu shahada ya uzamili katika masomo ya amani na usuluhishi wa migogoro. Mizizi ya masomo hayo iko katika kituo cha utafiti wa migogoro kilichoanzishwa Butare mwaka 1999, wakati ambapo nchi ilihitaji kuielewa migogoro si kwa udadisi wa wasomi bali kwa haja ya kuishi.

Kozi zote mbili huwapokea pia maofisa kutoka nchi nyingine za Afrika. Ofisa wa Kenya na ofisa wa Sudan Kusini hukaa benchi moja na Mnyarwanda, na tunaambiwa kwamba nje ya darasa lugha yao mara nyingi ni hii tunayoiandika hapa. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini kambini ilikuwapo muda mrefu kabla bunge halijapiga kura.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mwanafunzi hahangaiki na ada. Yuko kazini, anapokea mshahara wake, na kusoma kwenyewe ndiyo kazi aliyoamriwa. Ubaya wake ni kwamba haiombwi. Mtu huteuliwa. Koplo mwenye shahada ya kwanza yenye alama za juu hawezi kuandika barua ya kuomba kwenda Nyakinama, sawa na vile asivyoweza kuandika barua ya kuomba kuwa meja. Hatusemi kwamba jambo hilo ni kosa. Jeshi lisilo na ngazi si jeshi. Tunasema tu kwamba anayetazama picha za maofisa wakivaa majoho Musanze asidhani mlango ule uko wazi kwa kila mwenye cheti.

Madaktari wa jeshi nao wana njia yao. Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ni mojawapo ya hospitali zinazotumiwa na Chuo Kikuu cha Rwanda kuwafundishia madaktari wanaosomea ubingwa, kama vile upasuaji, magonjwa ya watoto na magonjwa ya ndani. Mafunzo hayo, ambayo nayo huhesabiwa kuwa ya shahada ya uzamili, yalipata nguvu kubwa kuanzia mwaka 2012, pale serikali ilipoanzisha mpango wa kukuza idadi ya wataalamu wa afya kwa fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia, na wahadhiri wa vyuo vya Marekani wakaja kufundisha bega kwa bega na Wanyarwanda. Daktari katika mafunzo hayo hutibu wagonjwa wakati anasoma. Kwa hiyo ni mfanyakazi na mwanafunzi kwa wakati mmoja.

NJIA YA MIRADI

Nje ya jeshi na polisi, sehemu kubwa ya misaada ya shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Rwanda imekuja kwa njia ya miradi. Msomaji ataona kwamba neno "mradi" lina maana kubwa hapa: fedha hazimtafuti mtu, zinatafuta somo.

Mradi uliodumu kuliko mingine ni wa Sweden. Ulianza mwaka 2002, miaka minane tu baada ya mauaji ya kimbari, wakati chuo kikiwa na majengo lakini kikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wenye shahada ya uzamivu. Waswidi hawakuwachukua vijana na kwenda nao moja kwa moja. Walikubaliana na chuo kwamba mwanafunzi atasoma sehemu ya mwaka Sweden na sehemu nyingine Rwanda, na utafiti wake uhusu mambo ya Rwanda: afya ya mama na mtoto, mazingira, hisabati, uchumi wa kijiji, na kadhalika. Sababu yake ni rahisi. Aliyekaa Ulaya miaka minne mfululizo mara nyingi hupata mke, nyumba na kazi huko huko. Anayekwenda na kurudi hubaki na mguu nyumbani. Wengi waliosomeshwa kwa njia hiyo ndio wahadhiri wa leo, na ndio wanaowafundisha maofisa tuliowataja.

Mradi wa pili ni wa Benki ya Dunia. Mwaka 2016 benki hiyo ilianza awamu ya vituo vya ubora vya elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki na Kusini, vituo 24 katika nchi 8. Rwanda ilipata vinne, na vyote viliwekwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kimoja ni cha nishati, kimoja ni cha mitambo midogo inayowasiliana kwa intaneti, kimoja ni cha sayansi ya takwimu, na cha nne, kilichowekwa Rukara katika wilaya ya Kayonza, ni cha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Vituo hivyo vilipewa fedha za kuwalipia ada baadhi ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na masharti ya mradi yaliwataka wapokee pia wanafunzi kutoka nchi jirani na kuwavuta wanawake.

Askari wa mawasiliano, mhandisi wa magari, fundi wa umeme wa kambi, au polisi anayeshughulikia makosa ya mitandao, ajue kwamba masomo ya vituo hivi ni ya fani yake hasa. Lakini mradi una siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Aliyeingia chuoni katika miaka ya mwanzo alikuta mfuko umejaa. Anayekuja mwishoni huweza kukuta kituo kingali pale, walimu wangali pale, lakini nafasi za kulipiwa zimekwisha. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini si "je, kituo kipo?" Swali ni "je, kundi la mwaka huu lina nafasi ngapi za kulipiwa, na zinalipa nini: ada peke yake, au ada na posho?" Tofauti ya hayo mawili ni tofauti ya kumaliza na kuacha njiani.

Hapa Kigali viko pia vyuo viwili ambavyo watu huvichanganya na chuo kikuu cha umma. Kimoja ni tawi la chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, ambacho wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 2012. Kingine ni AIMS, taasisi ya hisabati iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 2003 na kufungua mlango wake Rwanda mwaka 2016. Hivi si vyuo vya umma, ingawa serikali ilivikaribisha. Tunavitaja kwa sababu kijana mwenye hisabati nzuri akikubaliwa AIMS hulipiwa masomo, malazi na chakula. Lakini masomo yake ni ya kukaa bweni na kusoma kutwa kucha. Mtu mwenye zamu ya lindo hawezi kuyachanganya, na bila ruhusa ya kuondoka kazini kwa muda wote wa masomo asijisumbue kuomba.

NJIA YA NG'AMBO

Nafasi za kusomeshwa na nchi za kigeni hutangazwa kupitia Baraza la Elimu ya Juu, HEC, na kupitia balozi. Nyingi ni za kwenda nje, lakini chache humlipia mtu asome hapa hapa au katika nchi jirani. Shirika la Kijerumani la DAAD, kwa mfano, limekuwa likitoa misaada ya namna hiyo kwa vyuo kadhaa vya Afrika. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, kwa fedha za Ujerumani na kwa kupitia baraza la vyuo vikuu lenye makao Kampala, imesomesha vijana wa uzamili katika sayansi, uhandisi na biashara, kwa sharti kwamba Mnyarwanda aende Kenya au Tanzania, na Mkenya aje Rwanda au aende Uganda.

Masharti ndiyo yanayowaangusha askari, na hapa tungependa msomaji atulie kidogo. DAAD kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho ya mwombaji isiwe na umri wa zaidi ya miaka sita. Serikali ya China kwa kawaida hutaka mwombaji wa uzamili awe hajatimiza miaka 35, na wa uzamivu miaka 40. Msaada wa Chevening wa Uingereza hutaka mtu awe amefanya kazi miaka miwili, na baada ya masomo arudi nchini mwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Sasa tumtazame sajini aliyemaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 27, akapelekwa kikosini, akaenda kulinda amani Sudan Kusini, akarudi, akapelekwa Afrika ya Kati, akarudi. Anapopata nafasi ya kuvuta pumzi ana miaka 36 na shahada yake ina miaka tisa. Milango miwili kati ya mitatu tuliyoitaja imekwisha kufungwa, wala hakufanya kosa lolote. Alikuwa kazini. Kalenda ya waombaji ilitungwa na watu wanaodhani kwamba kijana hutoka darasani na kuingia darasani.

Nchi nyingine ziliwahi kulitambua jambo hili. Mwezi Juni 1944, vita vikuu vikiwa havijakwisha, Rais Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria iliyompa kila askari aliyerudi vitani haki ya kusomeshwa: ada hadi dola 500 kwa mwaka, na posho ya dola 50 kwa mwezi kwa asiye na familia. Watu wapatao milioni 2.2 waliingia vyuo vikuu kwa sheria hiyo, na mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani. Miaka ya vita ilihesabiwa kuwa sababu ya kusomeshwa. Tusisahau kwamba askari weusi wa majimbo ya kusini walipewa haki hiyo kwa maandishi na kunyimwa kwa vitendo, kwa kuwa vyuo vingi havikuwapokea. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hakuna haja ya kuwa nchi tajiri ili kulichukua sehemu yake ndogo: kuziondoa katika hesabu ya umri wa mwombaji zile siku alizokuwa katika ulinzi wa amani.

Karibu zaidi na nyumbani, Kenya ina bodi ya mikopo, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Bodi hiyo hukopesha pia wanafunzi wa uzamili, wakiwamo wenye kazi na mshahara. Tunaona si vibaya Rwanda nayo ikalitazama jambo hilo. Mwenye mshahara wa serikali ndiye mdaiwa aliye rahisi kuliko wote kumkusanya; kama benki inaweza kumkata asilimia 8 kwa shahada ya kwanza, haikosi kuweza kumkata kwa ya pili.

MFUKO WAKE MWENYEWE

Zaidi ya hayo yote, askari wengi wanaosoma uzamili hapa Kigali wanajilipia. Chombo chao kikubwa ni Zigama, chama cha akiba na mikopo cha jeshi, polisi na magereza, kilichoanzishwa mwaka 1997. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba. Mwanachama hukopa kwa dhamana ya mshahara wake, na wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa njia hiyo.

Tatizo si kukosa mkopo. Tatizo ni kwamba mkopo wa ada hushindana na mkopo wa kiwanja, na nyumbani mshindi hujulikana mapema. Mke wa askari akiambiwa kwamba fedha za mabati zinakwenda kulipia tasnifu, ana haki ya kuuliza tasnifu huezekwa namna gani. Tumewasikia baadhi wakitumia akiba ya safari za ulinzi wa amani, ambazo Rwanda imekuwa ikizitumikia tangu askari wake wa kwanza walipotua Darfur mwezi Agosti 2004. Ni fedha za jasho kweli kweli, na mwenye nazo afikiri mara mbili. Shauri letu kwao ni kwamba asilipe muhula wa kwanza mpaka awe na hakika ya muhula wa mwisho.

Tunasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo halielezwi kwenye matangazo. Masomo ya darasani ya uzamili huisha kwa wakati, kwa kuwa yana ratiba. Linaloburuzwa ni tasnifu. Mtu amekwisha kufaulu mitihani yote, amebakiwa na utafiti. Anahitaji nauli ya kwenda Nyagatare au Rusizi kuhoji watu, anahitaji fedha za kuchapa na kujalidi, na zaidi ya yote anahitaji miezi michache ya akili iliyotulia. Hapo ndipo amri ya kuhamishwa kikosi humkuta. Muda wa kawaida ukipita, hulazimika kujiandikisha tena na kulipa tena, na kila muhula unaoongezeka una bei yake. Wapo watu wenye masomo yote na wasio na shahada, na katika jeshi na polisi sababu mara nyingi si uvivu.

Kwa hiyo anayejilipia na achague mada ya utafiti iliyo karibu na mahali alipo na kazi anayoifanya. Polisi wa usalama barabarani hana haja ya kwenda kutafiti uvuvi wa Ziwa Kivu. Ajali za pikipiki za Kigali ziko mbele ya macho yake kila siku, ilimradi apate kibali cha kutumia taarifa za kazi, maana za siri hubaki siri hata mbele ya profesa. Masomo ya jioni na ya mwisho wa juma ya biashara na uchumi yako Gikondo, na anayekaa Kigali huyafikia kwa basi. Aliyepata shahada yake ya kwanza nje ya nchi ahakikishe imetambuliwa na HEC kabla hajaomba, kwani bila hati hiyo ombi lake halitasomwa.

Kuhusu ruhusa, utaratibu ni ule ule ambao kila askari anaujua: barua ipite kwa mkuu wa kikosi kwanza, chuo baadaye. Wapo waliofanya kinyume, wakakubaliwa na chuo, wakalipa, kisha wakanyimwa ruhusa kwa sababu kikosi kilikuwa kinajiandaa kusafiri. Ada iliyokwisha kulipwa ni vigumu kuirudisha. Barua yenyewe ieleze saa za masomo, siku za mitihani, na muda wote utakaohitajika pamoja na ule wa tasnifu. Mkuu aliyeelezwa yote mapema huweza kupanga zamu, lakini anayeshtukizwa siku ya mtihani hana la kufanya. Nakala moja ikae na mwombaji mwenyewe, iliyogongwa mhuri, kwa kuwa wakuu nao huhamishwa.